Kufuma fumbo kwa mara ya kwanza: nilivyojifunza hapa Lamu

Wenzetu wa ng'ambo wanaita MKAL, kifupi cha "mystery knit-along", mimi na shoga zangu hapa Langoni tunaita kufuma fumbo, na jina limekaa sababu mchezo wenyewe ndo huo. Mbunifu anatangaza kuwa tarehe fulani anaanza kutoa paterni, yaani maelezo ya kufuma kitu, mara nyingi shali, lakini picha hatoi, anasema tu uzi kiasi gani, rangi ngapi na sindano ya kipimo gani, alafu kila wiki anatoa kidokezo kimoja, yaani kipande kimoja cha maelezo, unafuma hicho unasubiri kingine, na kwenye wiki ya nne au ya tano ndo unajua ulikuwa unafuma nini. Na watu wa nchi nyingine walioanza siku moja na wewe nao wanajua wiki hiyohiyo. Mimi kila nikifikiria hilo nafurahi.

Fumbo kwetu si geni, leso zinasema mafumbo na watoto wanategeana vitendawili kila jioni. Lakini kwa kazi ya mkono tumezoea kinyume. Anayeshona kofia anayaona maua yote yamechorwa kwenye kitambaa kabla hajatoboa tundu la kwanza, anajua mwisho wake kabla ya mwanzo. Ndo maana mamangu mkubwa, ambaye ameshona kofia tangu hajaolewa, aliponikuta nimekaa dakani, pale barazani mlangoni, na sindano akaniuliza kitakuwa nini, nikamwambia sijui bado, aliweka kazi yake chini akaniangalia, alafu akauliza: "Sasa huyo unayemfuata, umemuamini vipi?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo na ningependa ulianze nalo. Kwenye kufuma fumbo siri ni ya mbunifu, mengine yote si siri na ni kazi yako wewe kuyapanga mapema, na wengi wanaoachia njiani nilioona hawakushindwa na siri, walishindwa na uzi uliopungua au sindano isiyofaa au mbunifu ambaye ladha yake si yao.

Kwa hivyo anza na mtu. Usijiunge na fumbo la kwanza uliloliona, tafuta kazi za nyuma za huyo mbunifu, hasa mafumbo yake ya miaka iliyopita ambayo sasa picha zake ziko wazi, uangalie watu wa kawaida walivyofuma, si picha za mbunifu peke yake. Stephen West kwa mfano, Mmarekani anayeishi Amsterdam, ana fumbo la shali karibu kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi, na maelfu ya watu wanalifuma, lakini shali zake ni kubwa, rangi zinapiga kelele, maumbo yanaenda huku na huku, kuna anayezipenda kufa na kuna ambaye hatoivaa hata siku moja. Kama wewe ni mtu wa rangi moja tulivu na matundu madogo ya kistaarabu, tafuta mbunifu wa namna hiyo, wapo wengi, na kwenye Ravelry, tovuti ya wafumaji ambayo iko tangu 2007 na kujiandikisha ni bure, unaweza kutafuta paterni za mafumbo zilizopita ukaona zote. Ukiangalia kazi tano za mtu na nne ungezivaa, muamini. Ukiona moja tu, mwache, hata kama kila mtu anamsifu.

Na la kwanza liwe shali, tafadhali. Sweta la fumbo ni la watu wazoefu sababu lazima likuenee mwilini, soksi nazo hivyohivyo, lakini shali ikizidi sentimita tano au ikipungua haimuumizi mtu. Kuna watakaosema Lamu na shali wapi na wapi. Yangu ya kwanza niliifuma kwa ajili ya dada yangu aliyeolewa Nyahururu, kule mwezi wa saba baridi yake si mchezo, na ya pili ya pamba ni yangu mwenyewe, najifunika kwenye boti alfajiri kusi ikivuma. Haijawahi kukaa kabatini.

Kulipa sasa. Paterni nyingi zinauzwa kwa dola au yuro, na mara nyingi kabla ya kidokezo cha kwanza bei iko chini kidogo. Kama huna kadi ya benki, kwenye M-Pesa kuna kadi ya Visa ya GlobalPay, imekuwepo tangu 2022, unaifungua kwenye simu, mimi nimelipia hivyo na paterni ikaingia palepale. Utapewa faili ya PDF yenye ukurasa wa uzi na vifaa tu. Kila kidokezo kikitoka utaipakua upya, kwa hivyo weka bando mapema, na ikifika ihifadhi kwenye simu, usitegemee mtandao siku ya kufuma.

Halafu huo ukurasa wa vifaa usome kama unavyosoma hati ya nyumba. Mimi mara ya kwanza nilisoma rangi tatu nikarukia dukani na hilo lilikuwa kosa. Angalia mita, si gramu na si idadi ya madonge. Donge la gramu 100 la uzi mwembamba wa shali huwa na kama mita 400, lakini gramu 100 za uzi wa unene wa kati, ule wa masweta ya watoto wa shule, ni kama mita 200 na kitu, sasa ukinunua kwa gramu umepata nusu ya uzi unaohitaji na fumbo halikuambii wapi utaishiwa. Mita ziko kwenye lebo. Kama uzi hauna lebo, nenda kwa sonara, wana mizani midogo ya kupimia fedha na dhahabu, mwombe akupimie: kata mita kumi, apime hizo, alafu apime donge zima, hesabu inajitokeza yenyewe. Sonara wa mtaani kwetu ananipimia bila kuniuliza, ashanizoea.

Kwenye lebo hiyohiyo kuna namba ya loti, yaani pipa gani uzi ulitiwa rangi. Nilinunua madonge mawili ya buluu duka moja Mombasa, mwenye duka akanihakikishia ni sawa, na kwenye taa ya dukani yalikuwa sawa kweli. Niliyafuma, nikayatoa juani hapa ufukweni, nikaona mstari katikati ya shali kama alama ya maji kwenye ukuta. Loti mbili tofauti. Niliumia sana sababu ilikuwa ya dada yangu. Basi nunua uzi wote siku moja, loti moja, na ongeza donge moja la ile rangi kuu, likibaki utafumia kofia ya mtoto. Sisi wa visiwani hatuna nafasi ya kurudi dukani kesho, mzigo unapanda basi Mombasa, unapita Malindi, unashuka Mokowe, alafu boti, na kidokezo cha tatu hakikusubiri. Agiza mwezi mzima kabla.

Uzi wa aina gani? Mbunifu karibu siku zote atapendekeza sufu, na kuna sababu, sufu ikioshwa na kunyooshwa inashika umbo, matundu yanafunguka. Pamba inalala mkononi vizuri kwa joto letu na haiwashi, lakini ni nzito na inarefuka kwa uzito wake. Akriliki ni rahisi kupata, Malindi na Mombasa ndo imejaa, inaoshwa ovyo bila kuharibika, ila haishiki umbo kama sufu, matundu yatabaki yamejikunja kidogo. Kwa mara ya kwanza mimi nasema fuma na ulichonacho. Ila kama shali inaenda kwenye baridi, jikaze utafute sufu, au hata mchanganyiko wa sufu na akriliki.

Rangi ndo zinatesa watu wengi, unachaguaje rangi za kitu usichokiona? Kuna njia moja ambayo haijaniangusha: weka madonge kwenye mkeka, mchana, kivulini, piga picha kwa simu, alafu igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa rangi mbili zimekuwa kijivu kimoja, zitamezana kwenye shali hata kama machoni moja ni nyekundu na nyingine kijani. Unataka moja ionekane ya giza, moja ya mwangaza, na kama ni tatu basi moja katikati. Nyekundu na buluu nzito zijaribu pia kwa maji, lowesha uzi kidogo, uubane kwenye kitambaa cheupe usiku kucha, ukiacha alama basi utachafua ile nyeupe siku ya kuosha.

Sindano: nunua za waya, zile mbili zilizounganishwa, urefu wa sentimita 80 au 100, hata kama umezoea mbili zilizonyooka. Hujui shali itaenda upande gani, inaweza kuanza na vitanzi vitatu ikaisha na mia nne, na vitanzi mia nne kwenye sindano iliyonyooka vinadondoka kama embe. Kisha tazama milimita, usitazame namba. Sindano namba 8 ya Marekani ni milimita 5, namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, na madukani kwetu zote mbili utazikuta, kuna hasa zile za urithi kutoka kwa mama zetu. Paterni ikisema 4 mm, tafuta 4 mm.

Kipande cha majaribio najua hukitaki, hakuna anayekitaka. Kifume. Upana wa sentimita 15, kioshe, kikauke, alafu pima sentimita 10 za katikati na uhesabu vitanzi. Paterni ikisema 22 na wewe una 25, unabana mkono, panda sindano kubwa zaidi. Ukiwa na 19 mkono wako ni legevu, shuka. Wengine watakwambia kwenye shali kipimo si muhimu, kwa ukubwa ni kweli, lakini mkono legevu unakula uzi, na uzi ukiisha kwenye kidokezo cha mwisho usiku wa saa sita, wallahi utakumbuka haya maneno. Na jasho la kaskazi nalo linabadilisha mkono, mimi mchana wa Januari nabana kuliko usiku, kwa hivyo kipande cha majaribio nakifuma saa ileile ninayopanga kufuma shali.

Wakati unasubiri, jifunze herufi. Paterni zitakuwa kwa Kiingereza na zimejaa vifupisho, lakini ni vichache vinavyorudi: k ni pleni, ule mshono wa kawaida, p ni peli, kinyume chake, yo ni kupitisha uzi juu ya sindano ili lipatikane tundu, k2tog ni vitanzi viwili pamoja vinaegemea kulia, ssk ni viwili pamoja vinaegemea kushoto, RS ni uso na WS ni mgongo. Paterni nyingi zina ukurasa wa vifupisho, na mbunifu mzuri husema kabla ni mishono gani ya pekee itatumika, ukiona jina usilolijua lijaribu kwenye kile kipande chako sasa, si siku ya kidokezo. Michoro ya viboksi inatisha watu bure. Inasomwa kuanzia chini kwenda juu, na mistari ya uso inasomwa kulia kwenda kushoto kama tulivyosoma chuoni, mistari ya mgongo ndo kushoto kwenda kulia. Aliyepita chuoni jicho lake lishazoea nusu ya kazi. Nilipomwonyesha mamangu mkubwa hivyo alivuta simu karibu, akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho, hajui Kiingereza kabisa na alielewa.

Haya, siku imefika. Angalia saa vizuri. Wakisema saa tatu asubuhi ya New York, mwezi wa kumi kwetu ni saa kumi alasiri, lakini wao wanarudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja na sisi hatugusi zetu, kwa hivyo kuanzia hapo itakuwa saa kumi na moja. Uingereza wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, saa tatu yao ya asubuhi inatoka saa tano yetu kwenda saa sita. Fumbo moja linaweza kukatiwa katikati na mabadiliko hayo, na mimi nilishakaa saa nzima nadhani nimesahauliwa.

Kidokezo kikifika usishike sindano kwanza. Soma chote mpaka mwisho, hesabu una mistari mingapi, ugawe kwa siku za wiki. Kama ni mistari 70, kumi kwa siku, na kumbuka shali nyingi mistari inarefuka kila inapokwenda, kumi ya kwanza ni dakika ishirini, kumi ya mwisho ni saa mbili. Mimi nafuma baada ya Alasiri na tena baada ya Isha watoto wakilala. Ikiangukia Ramadhani ndo raha yake, baada ya tarawehe tunakaa wanne kiwandani, yaani uani, na kahawa na kila mtu na shali yake, ila wiki ya maulidi nyumba imejaa wageni nilijua mapema sitofuma na sikufuma, nikailipa wiki iliyofuata. Kuchelewa hakuna dhambi, vidokezo havifutwi, ukifika umefika.

Kila ukimaliza kidokezo, pitisha uzi wa kuokoa. Hili ndo jambo moja ambalo nikipata mtu mpya namkalia mpaka alifanye mbele yangu. Chukua sindano ya mkono, tia uzi mwembamba laini wa rangi nyingine, upitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, uache hapohapo, alafu endelea kufuma kama kawaida. Ukikosea baadaye unachomoa sindano, unafumua kwa amani, na kazi inasimama yenyewe kwenye ule uzi. Kwenye paterni ya kawaida ukikosea unatazama picha unajua pamekaaje, kwenye fumbo huna picha, na kosa unaweza kulidhani ni sehemu ya ua. Uzi wa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba kabisa, unapita vizuri ila unateleza, ufunge ncha zote mbili fundo. Mimi siku hizi natumia uzi wa cherehani mara mbili.

Alama za kutenganisha vitanzi kata mrija wa soda vipete vipete, au vitanzi vya uzi wa rangi, si lazima ununue. Na hesabu vitanzi mwisho wa kila mstari wa uso, mbunifu hukupa idadi, isipolingana simama hapohapo usiseme itajirekebisha. Usiku taa ikipotea, maliza mstari kwa tochi ya simu na uache, usianze mpya. Mistari niliyoanza gizani nimeifumua karibu yote.

Sasa kuhusu kuchungulia. Siku mbili tu baada ya kidokezo kutoka kuna watu washamaliza na picha ziko kila mahali, na rafiki yako anayekupenda atakutumia akisema angalia yako itakavyokuwa. Fumbo la kwanza lilivunjwa hivyo kwangu, wiki ya tatu, na nilichukia siku nzima, si kwa ubaya wa shali, shali ilikuwa nzuri, ila furaha ya kuigeuza mwenyewe na kuiona haikurudi tena. Kwa hivyo semeni mapema na wenzako: picha ya kidokezo hatutumiani mpaka wote tumefika, na anayetaka kuonyesha aulize kwanza. Kama kwenye kitendawili, hakuna anayelitoa jibu mpaka mwenyewe aseme chukua mji. Lakini kuna watu wao wanachungulia kwa makusudi kabla ya kufuma ili wajue kama wataipenda, na hilo pia ni haki yao, uzi ni pesa. Mmoja wetu wanne hufanya hivyo, hachungulii mbele yetu na hasemi kitu, na tunakaa naye vizuri.

Na usipoipenda? Mpe kidokezo cha pili kabla ya kuhukumu. Kidokezo cha kwanza huwa ni pembe tatu ndogo ya pleni isiyosema chochote, wengi huvunjika moyo hapo. Ikifika cha tatu na bado moyo hauko, fumua, uzi ni wako, hakuna aliyekudai. Ukikwama kwenye maelezo, uliza siku hiyohiyo, wiki ya kidokezo kuna mamia wako mstari huohuo na wewe na wanajibu, baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka mstari wa 48. Hiyo kwangu ndo faida kubwa ya kufuma kwa pamoja kuliko ile siri yenyewe.

Kidokezo cha mwisho kikiisha, funga vitanzi kwa ulegevu, hata kwa sindano moja kubwa zaidi, ukingo uliobanwa unakunja shali yote. Loweka kwenye maji ya baridi ya mvua au ya bomba, maji ya kisima ya chumvi yanaacha uzi mkavu, ukamue kwa kuuviringisha ndani ya taulo bila kusokota. Tandaza juu ya godoro lenye shuka, kivulini, uvute mpaka matundu yafunguke na ubandike pini pembeni zote. Pini ziwe zisizoshika kutu, hewa yetu ya bahari inaacha kutu usiku mmoja na alama yake haitoki kwenye sufu. Akriliki usiipige pasi wala mvuke wa moto, inalegea na hairudi. Kusi ya mvua shali ya sufu ilinichukua siku mbili kukauka, kaskazi ni kutoka asubuhi mpaka Magharibi.

Mabaki ya uzi, hata gramu tano, weka kwenye mfuko mmoja na lebo yake na karatasi yenye jina la shali na mwaka. Ya dada yangu ilinaswa na msumari wa mlango kule Nyahururu mwaka wa pili, akaituma kwa basi, na ule uzi wa buluu ulikuwa unanisubiri kwenye mfuko.